Palipo Baridi Zaidi

Jumatatu, 17 Machi

Emmah ametoka hospitali leo. Muuguzi Ruweida wa kliniki ya sukari amesema niandike kila kitu: kipimo cha asubuhi na cha jioni, dozi, alichokula, na lolote lililotokea nyumbani hata kama naliona dogo. Haya, naandika. Nimechukua daftari jipya la ukaguzi kutoka yadi. Kazi yangu ni kukagua mabehewa ya mizigo, mwaka wa kumi na sita sasa, na kwetu daftari halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, unaandika lililo sawa kando, unatia sahihi. Nitafuata hivyo hivyo.

Mgonjwa ni binti yetu wa pekee, miaka kumi, gredi ya tano. Tangu mwisho wa Januari alikuwa akinywa maji. Lakini joto la kaskazi hapa Ganjoni linajulikana, nani hanywi maji? Akaanza kukojoa kitandani. Mke wangu Jacinta akawa anaanika godoro kwenye baraza, mimi nikawa nafoka. Sisimizi wakajaa chooni, Jacinta akawapulizia dawa. Mtoto akakonda, tukampa dawa ya minyoo. Akalegea, tukamnunulia glukosi ya unga ili apate nguvu, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Moto unawaka, sisi tunamimina mafuta.

Aliyeona ni jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Mejumaa, mjane wa Kidigo anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kutoka friza yake. Alinisimamisha kwenye ngazi mwezi uliopita. "Baba Emmah, mwana huyu yuwakonda, na maji yuwanywa kama mgomba. Mpelekeni akapimwe sukari. Marehemu mume wangu ilimwanza vivi hivi." Nilicheka. Nilimwambia sukari ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. Wiki moja baadaye Emmah alitapika tangu alfajiri, akawa anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, na mdomo unanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Hospitali walipompima, sukari ilikuwa juu mno hata mashine ikakataa kutoa namba.

Ruweida ametukalisha saa nzima. Amesema si kosa la mtu na si sukari tuliyomlisha. Mwili wa Emmah umeacha kutengeneza insulini, basi atadungwa maisha yake yote. Amesema na hili, nalinukuu: "Mwana huyu ataishi kwa vitu viwili, dawa nzima na ukweli. Mukikosa kimoja, mutarudi hapa."

Kuhusu dawa nimeandika: IKAE FRIJI. ISIPATE JOTO.

Jumanne, 18 Machi

9.8 asubuhi, 12.1 jioni. Ruweida anataka kati ya 4 na 10.

Nimemdunga mwenyewe. Mkono huu umeshika nyundo miaka yote hiyo na leo umeiweka sindano chini mara mbili. Emmah akaniambia, "Baba, sema utahesabu mpaka tatu, halafu udunge kwenye mbili." Nikafanya hivyo. Akasema hakuumia. Sijui kama ni kweli.

Alhamisi, 20 Machi

8.4. 10.3. Joto.

Jumatatu, 24 Machi

Siku yake ya kwanza kurudi shule. Saa nne mwalimu wake, Bi Joy, amenipigia simu yadi: Emmah amelala juu ya dawati, anatoka jasho, anajibu asichoulizwa. Jacinta alikuwa amempa maagizo, naye hakungoja. Alimpima, 2.9, akampa juisi ya pakiti, na dakika kumi na tano baadaye mtoto akauliza kama hesabu zimeisha. Nilifika na tuk-tuk nikiwa na nguo za grisi nikamkuta anaandika.

Kumbe hata sukari kushuka kunaua, tena haraka zaidi. Bi Joy atakaa na tofi mezani, na Emmah atakuwa na nyingine sita mkobani kwa ajili ya kushuka tu. Huyu mwalimu nilikuwa namwona ana maringo. Namuomba radhi kimoyomoyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Bi Mejumaa ameleta sinia la pilau, na kando kibakuli kidogo kimefunikwa: maharagwe ya nazi yasiyotiwa sukari, ya Emmah peke yake. Jacinta hakurudisha sinia tupu, aliweka machungwa. 8.8. 9.1.

Jumapili, 6 Aprili

Shule imefungwa Ijumaa. Emmah anajidunga mwenyewe pajani, mimi nashika saa. Kabla ya kuvuta dawa huiviringisha chupa viganjani mara ishirini, kwa sababu dawa yake ni nyeupe kama maji ya kuoshea mchele na hutuama chini. Anahesabu kwa sauti. 7.2.

Jumatano, 16 Aprili

18.6 jioni. Nikamuuliza amekula nini. Akasema chakula cha mchana tu. Nikamuuliza tena. Akasema tena. Nikamwambia atoe ulimi.

Ulimi ulikuwa mwekundu wa ubuyu mpaka kooni.

Nimekwenda mlango wa pili. Sikupiga kelele lakini sikusema kwa upole pia. Bi Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho, ameshika kitasa. "Mwana alinambia mumemruhusu moja. Mimi sikukuuliza, hapo nimekosa. Hatapata tena kwangu." Nikasema afadhali. Jacinta anasema nilikuwa na njia nyingine ya kuzungumza na mtu mzima. Huenda.

Kilichoniudhi si barafu. Barafu ingehesabiwa, dozi ingerekebishwa. Kilichoniudhi ni kuniangalia machoni na kusema hapana mara mbili. Nimeandika ili kumbukumbu iwepo: EMMAH AMEDANGANYA.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imeanza kwa kishindo. 8.0. 8.9.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule. Viatu vimelowa kabla ya kufika shuleni Tononoka. 7.5. 9.4.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. 8.1. 7.7. Emmah ameuliza kama nitawahi kumwamini tena. Nimemwambia uaminifu haurudi kwa kuombwa, hurudi kwa vitendo. Nililiona jibu zuri nilipokuwa nalisema.

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu jana. Waya wa umeme wa upande wetu umeungua, upande wa Bi Mejumaa unawaka. Baada ya sindano ya jioni nimempelekea kikopo cha dawa, chupa zote tatu, nikamwambia aweke palipo baridi zaidi. Amekipokea kwa mikono miwili. 7.9. 8.3.

Jumatano, 7 Mei

Umeme umerudi alfajiri na Bi Mejumaa amerudisha kikopo kabla hatujanywa chai. Nimemshukuru. 9.0. 14.7.

Ijumaa, 9 Mei

16.2. 17.8. Sijui ni nini. Jacinta anasema labda mafua.

Jumapili, 11 Mei

17.1. 18.9. Hana mafua. Nimemuuliza baada ya kanisa, taratibu kabisa. "Sijala kitu, Baba." Ulimi ni safi. Lakini ukwaju hauachi rangi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepekua mkoba wake alipokuwa akioga. Tofi nne, na zilikuwa sita. Anasema mbili alizila mwezi uliopita aliposhuka, na Bi Joy anajua. Nimezichukua zote nne. Akasema, "Hizo ni za kushuka." Nikamwambia hajashuka wiki nzima, anapanda tu. Yule mtoto aliyekuwa ananifundisha kudunga kwenye mbili alikuwa ananiangalia kama mtu anayengoja basi.

Jumanne, 13 Mei

Yadi: behewa la kumi na moja breki hazishiki. Kijana mpya aliandika "uzembe wa dereva." Mwenzangu Gunga, Mduruma asiyependa maneno, alimrudishia karatasi. "Breki ikikataa, dereva ni wa mwisho kuulizwa. Anza na mpira wa hewa." Mpira ulikuwa na ufa. Nikatia sahihi kuthibitisha. Mvua mpaka saa tisa. 19.5. 19.9.

Jumatano, 14 Mei

20.4 asubuhi. Tumefungua chupa mpya kabisa, kifuniko bado kimefungwa, ili kuondoa shaka. Jioni 21.1. Basi si dawa.

Nikavuka mlango wa pili. Sasa nataka kuandika nilivyosema, kwa sababu nimeahidi kuandika kila kitu. Nilimwambia Bi Mejumaa kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia kuna watu wanaotia mtoto sumu kwa kisingizio cha ujirani. Wateja wake wawili walikuwa pale, akina mama wa ghorofa ya chini. Yeye alifuta mikono kwa leso. "Wallahi tangu siku ile sijampa mwana wako hata maji. Lakini umeshasema, na watu washasikia." Akafunga mlango.

Emmah alikuwa amesimama nyuma yangu. Alilia bila sauti. Nimeandika: EMMAH AMEDANGANYA. MARA YA PILI.

Alhamisi, 15 Mei

Bi Mejumaa hajafungua kuuza. Watoto wa ghorofa wanabisha, hawajibiwi. 21.8. 22.6. Hakula chakula cha jioni. Kiu ile ile ya Februari.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kwenye benchi la wodi.

Jana asubuhi Emmah alitapika mara tatu kabla sijavaa viatu. Nilipomwinamia nilisikia ile harufu ya tunda. Nilimfunga kwa shuka, Jacinta akachukua kikopo cha dawa na daftari, tukashuka ngazi. Mvua ilikuwa inamwagika na tuk-tuk zote zimejaa. Mlango wa Bi Mejumaa ukafunguka. Alishuka mbio hadi barabarani bila viatu, akasimama katikati ya njia na mikono juu mpaka tuk-tuk moja ikasimama, akawaambia abiria washuke, nao wakashuka. Akamfunika Emmah leso aliyokuwa amejitanda. Tukaondoka.

Njiani Emmah alifumbua macho. "Baba, sijala kitu." Nikamwambia anyamaze asichoke. Hata pale sikumwambia kwamba namwamini, kwa sababu nilikuwa simwamini. Naandika hili nikiona haya.

Mashine ya hospitali: 29. Dripu, insulini yao. Saa sita mchana 19. Saa kumi 13. Jioni 10. Nilikuwa nasimama kila wakipima, nasoma namba ikishuka. Insulini ile ile ninayoijua mimi, basi nyumbani ilikuwa imefanya nini?

Leo asubuhi Ruweida amekuja wodini. Hakuuliza Emmah amekula nini. Aliuliza, "Dawa muliyotumia i wapi?" Jacinta akampa kikopo. Ruweida akaiviringisha chupa viganjani, akaenda dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Akaniita.

"Tizama hapa, Baba Emmah. Waona nini?"

Kwenye ukuta wa chupa kulikuwa na chembe nyeupe zimeganda, kama chumvi iliyokaukia kwenye glasi. Chupa ya pili, chembe. Ya tatu, ambayo haijafunguliwa, chembe. Zaidi ya wiki nzima tumeiviringisha mara ishirini asubuhi na ishirini jioni, tukihesabu kwa sauti, na mimi mkaguzi sikuitazama hata mara moja.

"Dawa hii iligandishwa," akasema. "Ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka ikarudi maji. Mumekuwa mukimdunga maji."

Nikasema haiwezekani, friji yetu haigandishi, na mimi nimezingatia joto kuliko mtu yeyote. Nikamwonyesha ukurasa wa kwanza: IKAE FRIJI. ISIPATE JOTO.

"Siku ile nilisema maneno mawili," akasema Ruweida. "Isipate joto wala isigande. Umeandika moja." Hakusema kwa ukali. "Kila siku yanipata haya. Mtu wa Mombasa haogopi baridi, haijui. Haya, namba zilianza kupanda lini? Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Tarehe 14, 13, 12. Tarehe 9. Tarehe 7 jioni, 14.7. Kabla ya hapo, tangu mvua ianze, zote ni sawa. Juu yake, tarehe 6, kuna maandishi yangu, wala hayajafifia: nikamwambia aweke palipo baridi zaidi.

Nilisoma mara mbili. Jacinta alisoma juu ya bega langu. Akaweka mkono mgongoni mwangu, na hilo lilikuwa zito kuliko kusemwa.

Emmah alikuwa macho. Nilimwambia, "Dawa iliharibika, na mimi ndiye niliyeiharibu. Wewe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe." Akauliza, "Hata Jumapili ulipouliza baada ya kanisa?" Nikasema hata Jumapili. "Na Jumatatu?" Na Jumatatu. Akanipitisha siku zote, moja moja, mpaka jana ndani ya tuk-tuk. Kila siku nikajibu. Halafu akasema ana usingizi.

Jumatatu, 19 Mei

Ametoka. Chupa mpya. 8.6. 9.2.

Jioni nimebisha mlango wa pili. Jacinta alitaka kunisindikiza, nikamwambia maneno yale niliyasema peke yangu. Nilikuwa na leso yake imefuliwa na kupigwa pasi.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

Aliichukua leso kwanza. "Marahaba."

Nikamweleza kuhusu chupa, chembe, daftari. Nikamwuliza tu aliziweka wapi usiku ule, ingawa nilikuwa najua.

"Uliniambia palipo baridi zaidi. Nyumbani mwangu palipo baridi zaidi ni friza. Nilitoa barafu za watu safu nzima, nikaziweka zako katikati, nikazifunika kanga yangu ya Idd zisiguswe. Alfajiri nikaona zimekuwa mawe, nikaziacha mezani ziyeyuke, nikasema baridi itamuuma mwana." Akakaa kwenye kiti. "Basi ni mimi niliyemdhuru."

Nikamwambia hapana. Yeye alifanya nilivyomwagiza. Nilimwambia tena kwamba yeye ndiye aliyeujua ugonjwa huu kabla yetu sote, nikamcheka, na kwamba nitashuka ghorofa ya chini kwa wale akina mama wawili nikaseme mwenyewe nilivyokosea.

"Hiyo nenda," akasema. "Maneno yalitoka nje, na yarudi kwa njia ya nje. Mimi nimesamehe. Lakini mwana wako, je?"

Nilishuka. Nilisema. Mmoja wao alinisikiliza huku akichagua mchele, wala hakusita.

Jumatano, 21 Mei

7.8. 8.5. Nimemrudishia Emmah tofi zake, na mbili juu. Amezihesabu mbele yangu.

Jumamosi, 24 Mei

Emmah amekuwa akisoma daftari hili. Sikulificha kamwe, hukaa juu ya friji, lakini sikufikiri kwamba angelisoma. Leo alinijia nalo limefunguliwa tarehe 14.

"Baba, hapa umeandika nimedanganya."

"Ndiyo."

"Lifute."

Nikamweleza sheria ya yadi, kwamba hatufuti. Uso wake ukabadilika, nikafanya haraka kumaliza: tunapiga mstari mmoja, la zamani lisomeke, la kweli likaandikwa kando, na aliyekosea anatia sahihi. Akafikiri. "Ili mtu akisoma ajue ulikosea?" Nikasema ndiyo, ndiyo maana yake hasa. Akaniletea kalamu.

Nimepiga mstari juu ya "Emmah amedanganya, mara ya pili." Kando nimeandika: *Si kweli. Emmah alisema kweli siku zote kumi. Dawa iligandishwa kwa agizo langu. S. Mutunga, 24 Mei.* Nikarudi ukurasa wa 16 Aprili nipige na ule. Emmah akanishika mkono.

"Huo uache. Hiyo barafu niliila."

Jumatatu, 2 Juni

Bi Mejumaa anauza tena. Ametuletea chungu kidogo, na ndani yake chungu kingine kidogo zaidi, katikati mchanga uliolowa. Umeme ukikatika, dawa ikae humo, ipoe bila kuganda. Nimempigia Ruweida, naye amesema bibi yake alikuwa akitumia hicho hicho kwa maji ya kunywa, tena ni sawa kabisa. 8.2. 7.9.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zinapungua. 7.4. 9.9, tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na Emmah akaongeza sahani. Alisema kabla sijauliza.

Jumatatu, 23 Juni

Jua. Godoro limeanikwa, safari hii ni unyevu wa masika tu. Nimepangiwa zamu Mariakani mpaka Ijumaa. Daftari nimemwachia Emmah.

*Jumanne 24 Juni. Asubuhi 7.0. Jioni 8.1. Nimeangalia chupa kwenye mwanga, haina chembe. Mama pia ameangalia. Emmah.*

*Jumatano 25 Juni. Asubuhi 7.7. Jioni 8.0. Chupa ni safi. Emmah.*

*Alhamisi 26 Juni. Asubuhi 6.8. Jioni 15.3. Nimekula barafu moja ya ubuyu kwa Bi Mejumaa. Aliniuliza kama nimeruhusiwa, nikamwambia ndiyo. Halafu nikarudi kumwambia hapana. Akasema alijua nilipoondoka tu, akawa ananingoja. Nimeandika mwenyewe kabla Baba hajarudi. Emmah.*

Ijumaa, 27 Juni

Nimerudi. Nimesoma. 7.6.

Nimetia sahihi chini ya jina lake.